Zama Giza, na Roho

Hebu nikuulize wewe unayesoma: mtu aliyekaa miaka ishirini akimwiga mwenzake, siku mwenzake akimwiga yeye, mwizi ni nani? Usikimbilie kujibu. Sisi tulikimbilia, Jumamosi iliyopita, pale kwenye benchi la nje ya soko la Kirkgate, hapa Leeds, mbele ya kigari cha kahawa cha Pauline. Jua la Juni lilitukuta tumevaa makoti meusi mpaka vifundoni, kama watu waliokosea njia ya msibani. Alikuwepo Popo, dereva wa basi mstaafu, miaka sitini na tatu, nywele kazitia dawa nyeusi hadi masikio yamepakwa. Alikuwepo Mjane na shela lake jeusi. Mumewe mzima wa afya, anauza samaki humo humo sokoni. Alikuwepo Kivuli, fundi bomba, mtu wa maneno ya kuhesabu, ambaye kila mwezi hupanda jukwaani kwenye baa na bendi yake kuimba nyimbo za Vesper Lane, bendi kongwe ya ule muziki wa giza na makaburi uitwao gothiki, kama zilivyo, bila kupunguza hata kikohozi. Na mimi, wananiita Digrii, kwa sababu ninayo na haijanisaidia kitu. Siku moja kabla, Vesper Lane wenyewe walikuwa wametoa singo mpya, ya kwanza baada ya miaka ishirini na tisa. Sisi tukaja kubishana. Hatukujua kuwa kwenye benchi lile lile kakaa mtu aliyenyang'anywa kitu.

— Miaka ishirini na tisa tunangoja, nikaanza mimi, — halafu wanatuletea wimbo tuliokwisha kuusikia zamani. Hao si wasanii, hao ni ofisi ya ajira. Unapeleka fomu, unarudishiwa fomu ile ile.

— Digrii, kausha, akasema Popo. — Huo wimbo ni wao wenyewe. Wa mwaka themanini na tano. Ulipotea, nikauokota mimi. Dunia nzima inajua.

Dunia nzima inajua, ni kweli. Miaka kumi na miwili iliyopita Kivuli alisimama kwenye baa, akasema kwenye kipaza sauti, "Huu ni wimbo wa Vesper Lane uliopotea," akaupiga. Popo akaurekodi kwa simu, akautia mtandaoni, akaandika chini yake maneno ya wimbo kama alivyoyasikia, na juu yake kwa herufi kubwa: ORIJINO. Washabiki kutoka Leipzig mpaka Lima wanaujua kwa rekodi ile ya Popo, pamoja na mlio wa glasi iliyovunjika katikati.

— Sasa mtu akiimba wimbo wake wa zamani, hiyo nayo ni kukopi? Popo akaendelea. — Wahenga walisema, mavi ya kale hayanuki.

— Hawakusema kwa kusifu.

— Wewe uliwasikia?

Mjane akanywa kahawa yake kwa chini ya shela, kazi anayoiweza yeye peke yake katika mkoa huu.

— Mnapoteza muda, akasema. — Anayeimba siku hizi si yule mwimbaji wao. Mimi nimekwenda maonyesho yao thelathini na moja. Uso wake sijauona hata mara moja. Moshi, miwani, moshi.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo alikufa. Mwaka tisini na nane. Hawa wa sasa ni vijana wa Wakefield wamepewa miwani. Mgema akisifiwa, moshi huuzidisha.

Pauline akainua kichwa kutoka kwenye mashine yake.

— Kipenzi, binamu yangu kamkuta juzi supamaketi. Ananunua maharage ya kopo.

— Meusi?

— Ya mchuzi wa nyanya.

— Basi si yeye, akasema Mjane. — Umeona?

— Mimi nawaambia ni ile mashine ya ngoma, Popo akarudi kwa kishindo. — Bendi ile haijawahi kuwa na mpiga ngoma wa nyama na mifupa. Mashine ni ile ile, tangu mwaka themanini na moja. Miaka yote hiyo inasikiliza, inasikiliza. Watu wakaja, watu wakafukuzwa, yenyewe ipo. Singo kaitunga mashine. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Popo, hiyo mashine ina vitufe vinne.

— Na wewe una digrii moja. Kati yenu nani ana kazi?

Pauline alicheka mpaka akamwaga maziwa. Mimi sikucheka. Mashine ina miaka arobaini kazini, haijawahi kuambiwa "uzoefu wako hautoshi".

— Nyie mnabishana nani kaimba, akasema Mjane, — maneno hamyatazami. Kiitikio kinasemaje? *Zama giza, na roho.* Giza lizame peke yake? Hapana. Na roho. Aliyetunga haya kakaa meza moja na mauti. Huwezi kumkopi mtu kama huyo.

Akapandisha mkono wa koti. Tunaijua ile tatuu, lakini tunaheshimu, tukaitazama tena: *Zama giza, na roho*, kwa herufi za kimakaburi, kutoka kiwiko hadi kiganja, na waridi jeusi kwenye kila ncha. Aliichora mwaka mmoja baada ya rekodi ya Popo.

— Sentensi yenyewe haina kichwa wala miguu, nikasema. — Anazama nani?

— Hiyo ndiyo gothiki, Digrii.

— Wenyewe miaka arobaini wanaapa kwamba si gothiki.

— Gothiki wa kweli ndivyo anavyosema. Mimi mwenyewe si gothiki.

— Wala mimi, akasema Popo, akarekebisha hereni yake ya jeneza.

Kivuli alikuwa akizungusha kikombe chake mkononi kama mtu anayekaza nati.

— Si "zama giza, na roho," akasema.

— Ni nini?

— Zima jiko, Nora.

Basi moja lilipita. Tukalisindikiza kwa macho sote.

— Jiko lipi? akauliza Popo.

— La gesi.

— Kivuli, ndugu yangu. Vesper Lane waimbe jiko la gesi?

— Hawakuimba wao. Wimbo nimeutunga mimi.

Akatueleza, akiitazama lami. Watu wanakuja baa kusikia Vesper Lane, akasema. Mwigaji akisimama akatangaza "huu ni wangu", ukumbi mzima unakwenda kuagiza bia. Na sisi tungekuwa wa kwanza kwenye foleni. Kwa hiyo akasema ni wao, ulipotea. Nasi usiku ule baa tulisikiliza mpaka mwisho. Hajawahi kusikilizwa vile.

— Na Nora ni nani? akauliza Mjane, sauti imeshuka.

— Mama. Alianza kusahau jiko. Niko kazini, nampigia simu, namwambia, mama, zima jiko. Kimya. Hajui tena mama ni nani. Siku moja nikasema, zima jiko, Nora. Akasema, haya, nimezima. Basi nikawa namwita hivyo mpaka alipotutoka.

Mjane akautazama mkono wake kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya daktari.

— Kwa hiyo mimi, akasema hatimaye, — miaka kumi na moja natembea na uziwi wa Popo.

— Simu yenyewe ilikuwa ya zamani, akajitetea Popo. — Halafu kuna jamaa pembeni yangu anacheza ile staili ya kubadilisha balbu, mkono juu kama anafungua taa ya darini. Kiwiko chake chote kwenye kipaza sauti cha simu.

Kivuli ndiye aliyeanza kucheka. Baada yake ikawa ruhusa kwa wote, Mjane akacheka mpaka shela likalowa kahawa. Lakini mimi kichwa changu, ambacho serikali ilikisomesha halafu ikakisahau, kilikuwa kimekwama mahali.

— Subirini. Kwenye singo mpya wanaimbaje?

— Zama giza, na roho, akasema Popo.

— Kosa lako.

— Kosa langu.

— Sasa wamelipata wapi kosa lako, kama wimbo wameutoa kwenye kaseti zao za mwaka themanini na tano?

Mjane ndiye aliyefika kwanza.

— Wameujifunza kwenye simu ya Popo. Haya, tuseme yule mwimbaji yu hai: miaka kumi na miwili washabiki wanamwambia, turudishie ule wimbo wako uliopotea. Naye akasikiliza, akasema, aah, kumbe nimeusahau.

— Kwa umri wake inawezekana, akasema Popo. — Mimi juzi nimesahau kituo cha basi. Na niliendesha njia hiyo miaka ishirini na sita.

— Basi Vesper Lane ni bendi ya kuiga bendi ya Kivuli, akasema Mjane.

— Na ndiyo singo yao bora tangu nizaliwe, nikasema, na nilisema kwa uchungu, kwa sababu ni kweli.

Popo akamgeukia Kivuli kwa heshima ambayo hajawahi kumpa.

— Sasa unataka nini, kaka? Jina kwenye jalada?

— Jina langu silitaki. Nilipousikia jana nilikuwa chini ya sinki la mtu kule Headingley, redio iko dirishani. Nilifurahi, nasema kweli. Yule bwana, sauti ile ile, anaimba kitu nilichokitunga kwenye ngazi za nyumba yetu. Nikaacha spana. Halafu kikafika kiitikio, na mama hayumo. Wiki ijayo wanapiga hapa hapa mjini. Ukumbi mzima utaimba, na mama hayumo.

Kulikuwa na mwanamke kaegemea kigari cha Pauline, koti la njano, kikapu chake cha magurudumu kimejaa vitunguu. Alikuwa anangoja chai, na nadhani alisikia yote, maana hatukuwahi kuzungumza taratibu tangu tuanze kukaa pale.

— Samahani, akasema. — Mmewaambia?

— Akina nani?

— Hao waimbaji. Kwamba wanaimba vibaya, ni Nora.

Popo akasema kwamba, unajua, mama, mtandaoni pale kuna watu elfu ishirini na mbili wanaomwamini, na neno ORIJINO kaliandika kwa herufi kubwa. Mjane akasema yeye akikubali tu, huu mkono aupeleke wapi. Kivuli akasema ataanzaje, "hamjambo, mimi ndiye niliyewadanganya"?

Mwanamke alitungoja kwa adabu, akitutazama mmoja mmoja. Alipoona jibu haliji, akachukua chai yake.

— Haya, kwaherini, akasema, akaburuta vitunguu vyake kwenda kituoni.

Tukakaa.

— Digrii, akasema Mjane. — Wewe si ndiye unayejua kuandika?

— Naandika maombi ya kazi. Hakuna anayejibu.

— Basi umeshazoea.

Nimezoea. Ndiyo maana naandika hapa, mbele za watu, na Popo ataiweka hadithi hii pale pale penye ile rekodi yake. Lile neno lake kubwa amelifuta jana, mimi nikishuhudia. Lilimchukua nusu saa na chupa mbili za bia.

Nyie Vesper Lane, na kampuni yenu ya rekodi, na yeyote kati yenu anayeshika kalamu ya kuandika majalada: hatusemi mmeiba. Mliambiwa wimbo ni wenu, na waliowaambia ni sisi. Kumsadiki shabiki si kosa. Lakini leo mmesoma, mmejua, na Ijumaa mnasimama kwenye ukumbi ulio mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwenye lile jiko. Kivuli jina lake ni Wilfred Ollerenshaw. Mkitaka liandikeni, msipotaka shauri yenu, mwenyewe kasema halidai. La mama yake hatuombi, tunadai. Huyu mwanamke aliitwa Nora. Mkifika kwenye kiitikio, mwiteni.