Ardith Novotny Hakumrusha Mtu Foleni

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Ardith Novotny. Alikuwa muuzaji wa magari hapa kwetu Pell Creek, Nebraska. Alifariki Alhamisi iliyopita, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na minne. Mimi ni Dwight Hruska. Wengi wenu mmenunua gari kwa mama huyu. Hata mimi.

Ardith alizaliwa shambani, maili sita kutoka hapa. Aliingia kwenye duka la magari la Haskell kama mpokea simu. Siku moja muuzaji akashikwa na mafua, mteja yupo mlangoni, na Ardith akamuuzia pikapu kabla ya saa sita mchana. Tangu siku hiyo hakurudi tena kwenye simu. Alikaa dukani miaka thelathini na nane.

Binti yake, Connie, ameniambia hivi: "Mama aliyachukia maneno 'hivi karibuni'. Ukimuuliza chakula kitaiva lini, anakwambia dakika ishirini na mbili. Na kweli, zikifika ishirini na mbili, sahani iko mezani."

Sasa sikilizeni habari ya magari ya spoti. Mnajua kuna gari ambalo huwezi kulikuta limeegeshwa dukani. Unaliagiza, kiwanda kinakuundia. Lakini kiwanda hakikuundii wewe. Kinampa wakala mgao, na mgao hutegemea wakala aliuza mangapi mwaka uliopita. Aliyeuza sitini kule Omaha anapewa sitini. Haskell aliuza mawili, akapewa mawili. Mawili kwa mwaka, wasikilizaji. Na waliokuwa wameagiza walikuwa kumi na mmoja.

Maduka mengine yalikuwa yakiwaambia watu "subiri kidogo". Ardith alitundika ubao ukutani, akaandika majina yote kumi na moja kwa chaki, kila mtu aone yuko wa ngapi. Akija mteja mpya, anamwambia, "Wewe wa kumi na mbili. Tunapata mawili kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe, kisha uniambie kama bado unalitaka."

Siku moja akaja daktari wa meno kutoka Lincoln, na pesa nyingi juu ya bei. Bwana Haskell akamwita Ardith pembeni. "Mwandike huyu wa kwanza."

Ardith akamnyooshea chaki. "Andika wewe, bosi. Kwa mkono wako, watu wakikuona."

Duka lilikuwa na wateja wanne wakinywa kahawa. Haskell aliitazama ile chaki, akarudi ofisini kwake. Daktari akaenda zake.

Wa tisa kwenye ubao ule alikuwa Lyle Sorensen, fundi wa pampu za maji mashambani. Majira fulani ya kuchipua Lyle alikuja dukani, akaketi, akavua kofia. Daktari wa macho alikuwa amempa miaka miwili. Baada ya hapo asingeruhusiwa kuendesha.

"Ardith, sikuombi unirushe foleni," alisema. "Nimekuja ufute jina langu."

"Silifuti."

"Mimi wa tisa, dada. Hesabu naijua."

"Hata mimi naijua. Vaa kofia yako, usubiri."

Hesabu ilikuwa hii. Magari tisa yalihitajika ili Lyle apate lake. Mgao wa miaka miwili ni manne. Yamebaki matano. Na Ardith hakukubali kumpitisha Lyle mbele ya wale wanane. Kwa hiyo ilibidi wote wasogee.

Ardith alijua jambo moja. Kuna mawakala wadogo kwenye miji ya wakulima waliokuwa wakipewa gari moja la spoti kwa mwaka, na hawana wa kumuuzia. Walichokuwa wakikililia ni pikapu. Basi kila siku saa ya chakula cha mchana, Ardith alishika simu. Mji wa Valentine. Ogallala. Hadi Dakota Kusini. "Nipe mgao wako wa spoti, nikupe wangu wa pikapu." Wengi walimcheka. Mmoja alimwambia, "Mama, nenda kale." Akampigia tena kesho yake.

Kufikia Krismasi alikuwa amebadilishana manne. La tano lilikuwa kwa wakala mmoja wa Kansas, mgumu kama jiwe. Alitaka pikapu mbili kwa spoti moja.

Ardith akaingia kwa Haskell. "Bosi, nahitaji pikapu mbili."

"Kwa gari moja? Ardith, utanifunga duka."

"Mwaka wa ukame haukulifunga. Pikapu mbili zitalifunga?"

Connie anasema mama yake alisimama pale mpaka Haskell akatia saini. Hakuketi.

Gari la Lyle lilifika Aprili iliyofuata, la buluu. Waliomtangulia wanane walikuwa wameshapata yao. Na kwa kuwa mwaka wa kubadilishana Haskell aliuza magari saba badala ya mawili, mgao wa mwaka uliofuata ulikuwa saba. Watu waliokuwa wakisubiri miaka wakaanza kusubiri miezi.

Jana nilimpigia Lyle. Sasa haoni kabisa. Aliniambia, "Nililiendesha miezi kumi na moja, Dwight. Nilikwenda hadi Chadron peke yangu. Redio sikuiwasha hata mara moja, utanisamehe. Nilikuwa naisikiliza injini." Kisha akaongeza, "Leseni niliirudisha mwenyewe. Ardith ndiye aliyenipeleka. Njiani hakunifariji. Aliniuliza tu kama nimekula."

Tunampa pole Connie, wajukuu wawili, na wote wa duka la Haskell. Mazishi ni kesho saa nne asubuhi, kanisa la Mtakatifu Wenceslaus, na kina mama wameshaanza kuoka kolache, ile mikate mitamu yetu.

Wasikilizaji wapendwa, huenda kuna mtu anayesubiri neno lako. Umemwambia "hivi karibuni", na wewe mwenyewe unajua si hivi karibuni. Mpigie leo. Mwambie yuko wa ngapi. Kisha, kabla hujakata simu, muulize unaweza kufanya nini ili asogee.