Mama Pumzi Aiaga Meza ya Mashine za Usingizi

Siku ya mwisho ya mwezi huu, mwenzetu wa Kitengo cha Vifaa Tiba anastaafu baada ya kuutumikia mfuko wetu wa bima ya afya kwa miaka ishirini na saba. Kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, wote tunamwita Mama Pumzi, na yeye mwenyewe akipiga simu hujitambulisha hivyo hivyo. Anayeandika haya amekaa meza ya pili kutoka kwake kwa muda mrefu, na akimkumbuka hujikuta anaandika polepole, kama mtu anayepita kwenye chumba cha watu waliolala.

Alianzia mapokezi, kwenye simu. Wakongwe wanasema watu walikuwa wakipiga kwa hasira, tayari kumrarua mtu, wakishasikia sauti yake wanasahau walichopigia. Wengine waliuliza hali ya hewa kisha wakaaga. Baadaye akahamishiwa madai ya hospitali, kisha vifaa tiba: miwani, magongo, viti vya magurudumu. Mashine za usingizi zilipoanza kulipiwa na bima, meza ya kuzishughulikia haikupata mwenyewe. Kila aliyetajwa aliugua mgongo ghafla. Mama Pumzi akabeba kikombe chake na mtungi wake wa maua, akaenda kukaa.

Kwa wasiozijua, mashine hizi ni za watu ambao wakilala koo hujifunga, pumzi ikasimama, mwili ukashtuka, ikarudi, ikasimama tena, hivyo hivyo mpaka kunapokucha. Mashine husukuma hewa taratibu kupitia mpira mrefu hadi kwenye barakoa ya puani, na njia ikabaki wazi. Bima hulipia mashine, na baada ya hapo hulipia vipuri kwa zamu, kwa sababu chujio huziba, mikanda hulegea na barakoa huchakaa. Kazi ya Mama Pumzi ilikuwa kupendekeza nani apewe kipya na nani asubiri. Sampuli alizopewa na wauzaji alizitundika dirishani. Asubuhi moja dada mgeni wa usafi alifungua mlango, akakuta nyuso zisizo na macho zikining'inia na mikonga ikicheza kwenye upepo. Alitoka mbio, akarudi kazini kesho yake, tena kwa kubembelezwa.

Lakini habari ambayo kila mfanyakazi mpya husimuliwa ni ya fundi wa lifti.

Fundi huyo aliomba barakoa mpya, akakataliwa. Kulikuwa na sharti: kumbukumbu ya mashine ioneshe kwamba mwanachama anaitumia muda wa kutosha kila anapolala. Sharti lenyewe halikuwa baya. Liliwekwa ili mashine za watu zisigeuke mapambo ya juu ya kabati. Kumbukumbu ya fundi ilionesha kwamba anaivaa kidogo tu, kisha anaivua. Ombi likapigwa muhuri wa kukataliwa, na Mama Pumzi akaambiwa ampigie simu kumjulisha.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, wakati ambao ofisi yetu huwa kama imezamishwa majini. Pangaboi linazunguka bila haraka, pazia linajaa hewa na kutulia, na sauti za barabarani zinafika zikiwa zimelainika. Fundi alipokea simu kwa heshima. Akaanza kueleza juu ya barakoa yake, sentensi ikarefuka, maneno yakaanza kuteleza, kisha tukasikia mkoromo kwenye spika. Wawili watatu tukacheka. Halafu mkoromo ukakatika.

Mama Pumzi akainua mkono. Tukanyamaza. Aliyekuwa anachapa akaacha kuchapa.

“Hapumui,” akasema.

Tukakaa tunasikiliza ukimya wa mtu tusiyemjua, katikati ya mchana, jua likiwa limelala juu ya meza zetu. Sijui ulidumu kiasi gani. Kisha ikaja pumzi moja nzito, kama ya mtu anayetoka chini ya maji, na baada yake sauti ya mwanamke.

“Haloo? Samahani, mama. Mume wangu amelala tena. Usiwe na wasiwasi, atarudi. Huwa anarudi.”

Mama Pumzi alikuwa na jambo moja tu la kuwaambia watu wale, na hakulisema. Alimuuliza yule mke wanakaa wapi, akamshukuru, akakata simu, akabaki ameushika mkono wa simu mapajani kama mtoto aliyelala. Jioni hiyo ndipo aliponiambia habari za marehemu baba yake. Mzee alikuwa anakoroma mpaka majirani wanatania kwamba hawahitaji kufuga mbwa, na nyumbani kwao watoto walishindana kumwigiza. Siku moja hakuamka. Watu walisema amekufa kifo chema, usingizini. Mpaka alipokaa kwenye meza ile, akasoma jinsi koo linavyojifunga, ndipo alipoelewa.

“Tulikuwa tunacheka,” aliniambia. “Tulikuwa tunacheka sana.”

Kesho yake alitoka kazini akaenda hadi kwa fundi. Hakuna aliyemtuma. Alikuta nyumba safi, kitanda karibu na dirisha, mashine juu ya kigoda imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani. Mke akafunua. Ule mpira laini wa ukingoni mwa barakoa ulikuwa umepasuka. Mke alikuwa ameushona kwa uzi mweusi, mume akaongeza plasta juu ya uzi.

“Mama yangu, hiki kitu kinanipulizia machoni,” fundi akasema. “Naamka nimetoa macho kama nimepanda pikipiki bila miwani. Nitavumilia mpaka wapi? Nakivua.”

Mke wake akasema yeye ndiye mashine siku hizi. Analala ameweka mkono kifuani kwa mumewe. Akihisi kimya, anamtikisa. “Yeye analala nusu, mimi silali kabisa. Tunaamka wote tumechoka, tunagombana juu ya sukari.”

Tena kulikuwa na la kazini. Msimamizi wa fundi alimkuta ameketi juu ya paa la lifti, spana mkononi, amesinzia, shimo la ghorofa zote likiwa chini yake. Akamhamishia stoo kuhesabu misumari, na akamwonya kwamba akimkuta amelala tena, aende akalale nyumbani moja kwa moja. Fundi alisimulia hayo akiwa anaangalia mikono yake. Kwa mtu aliyependa lifti kama yeye, stoo ilikuwa msiba.

Mama Pumzi alirudi ofisini akaingia kwa mkuu wa kitengo bila kubisha hodi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mkuu wetu wa wakati huo alikuwa mtu mwema, ila alipenda mambo yaliyonyooka.

“Mama Pumzi, hatuwezi kumlipia mtu kifaa asichokitumia.”

“Hakitumii kwa sababu kimechanika. Na hatumpi kizima kwa sababu hakitumii. Sasa bosi, huyu mtu atokee mlango gani?”

Inasemekana mkuu aliangalia dirishani kwa muda, kama vile mlango wenyewe ungeweza kuwa huko nje. Mwishowe akasema suala liende kamati ya rufaa.

Kamati haikai kila siku, na pumzi ya fundi haikuwa na subira. Mama Pumzi akampigia muuzaji wa vifaa, akamshawishi, akamchombeza, akamkumbusha na harusi ya binti yake ambayo sote tulichangia. Muuzaji akakubali kumwazima fundi barakoa mpya mpaka rufaa isikilizwe. Mtaalamu wake akaenda kumpima pua na mashavu kwa rula ya plastiki, na fundi akalalamika kwamba hata fundi wa suti hakuwahi kumpima hivyo. Rufaa iliposikilizwa, kumbukumbu ya mashine ilikuwa imebadilika kabisa. Mtu aliyeitwa mzembe alikuwa analala na barakoa mpaka asubuhi.

Daktari mshauri wa mfuko wetu aliunga mkono papo hapo. Mjumbe mmoja akasita: tukimfungulia huyu, watakuja wote.

“Waje,” alisema Mama Pumzi. “Bora waje kuliko tuje kuambiwa hawapo.”

Fundi alipewa barakoa yake. Sharti lenyewe lilichukua muda zaidi. Mama Pumzi alilibeba kikao hadi kikao, akilileta mwishoni kabisa, kwenye kipengele cha mengineyo. Ilifika mahali mwenyekiti akitamka tu “mengineyo”, shingo zote zinageuka upande wake, na watu wanaanza kuvua miwani wakijua hatutoki leo. Hatimaye lilibadilishwa. Leo, kabla ya kumwambia mwanachama yeyote kwamba hatumii mashine yake, ni lazima barakoa na mpira wake vikaguliwe kwanza. Wafanyakazi wapya wanadhani ilikuwa hivyo tangu zamani, na Mama Pumzi hawasahihishi.

Si kwamba alishinda kila mara. Wapo wanachama ambao waajiri wao walifunga milango na bima ikakatika, na hapo hapakuwa na kikao cha kwenda. Hao aliendelea kuwapigia simu kuwauliza hali, na wengine aliwaombea vifaa kwa wenzao waliobadilishiwa mashine zikiwa bado nzima. Na kuna namba kadhaa ambazo siku moja zilipokewa na mtu mwingine wa familia. Siku kama hizo alikwenda kumwagilia maua, hata kama alikuwa ameshayamwagilia.

Turudi kwa fundi. Alikuja ofisini mwenyewe, kashanyoa ndevu, kavaa ovaroli, kwa sababu alikuwa ametoka kwenye lifti na anarudi kwenye lifti. Tulidhani amekuja kushukuru. Akaketi, kisha akasema kama mtu anayetoa siri ya nyumba:

“Mama, nimeota.”

Daktari mshauri alikwisha kutueleza kwamba usingizi unaokatikakatika hauwafikishi watu ndotoni. Fundi hakuwa ameota tangu ujana wake. Sasa aliota yumo ndani ya lifti isiyo na vitufe, na lifti haikupanda wala kushuka, ilikwenda mbele, taratibu, kama chombo juu ya maji yaliyotulia. Ikapita katikati ya nyumba aliyokulia. Kuta hazikuwapo, ila vyumba vilikuwapo. Mama yake mzazi, ambaye hayupo tena, alikuwa amekaa sakafuni anakunja nguo. Hakuinua kichwa. Alisema tu, “Umechelewa, lakini hujachelewa sana,” akamsogezea upande wa shuka wakunje pamoja.

Fundi alilia pale pale, mbele ya foleni. Mama Pumzi alitoa waya wa simu ukutani ili isimkatize, akamwacha amalize.

Sijui habari ilisambaaje. Baada ya hapo watu walianza kuja na ndoto zao. Mshonaji aliyepanda ngazi ya kitambaa, kila akikanyaga inajikunja nyuma yake kwa upole. Mhasibu mstaafu aliyeota tarakimu zote zimetoka matembezini, safu zimebaki tupu, naye ana furaha isiyo kifani. Bwana harusi aliyeanza kwa kuomba tumfichie mchumba wake habari za mashine, Mama Pumzi akamwambia, “Mwanangu, mwoneshe leo, utafichaje mkonga?” Miezi michache baada ya harusi, bibi harusi alikuja mwenyewe kuomba chujio jipya, akasema siku hizi asiposikia ule mvumo hapati usingizi. Kiti cha mbele ya meza ile kikaitwa kiti cha ndoto, na wakaguzi walipokuja kuhesabu samani, mtu mmoja alikiandika hivyo hivyo. Mchana wengine tulifanya kazi zetu tukisikia, kwa mbali, mtu anasimulia mto aliouvuka bila kulowa, na karatasi zetu zikawa nyepesi kidogo.

Yeye mwenyewe anasema haoti. Akiweka kichwa tu, basi, kunakucha. Niliwahi kumuuliza kama hasikii wivu. Akacheka, akasema anazo za kutosha.

Anakwenda kuishi na dada yake mkubwa, kwenye nyumba yenye kibaraza kipana na vitanda viwili vya kamba, ambako wawili hao wamepanga kutofanya lolote kabla ya saa nne asubuhi. Tulitaka kumwongezea wiki mbili ili amfundishe atakayempokea. Dada huyo alipiga simu ofisini, akaomba kuongea na mkubwa wetu, akasema, “Wanangu, miaka yote hii nimewaachia. Msinicheleweshee mdogo wangu. Nimeshatandika kitanda.”

Mkubwa wetu akasema sawa, mama.

Basi, Mama Pumzi, hatukucheleweshi. Asante kwa sauti yako, kwa mengineyo yako, na kwa wote wanaolala leo bila mtu kuwawekea mkono kifuani. Uende salama kwa dada yako. Ulale mchana kweupe, uamke upendapo, na tunakuombea siku ndefu zenye utulivu. Na ikitokea ukaota hata kidogo, tafadhali, tupigie simu. Tutatoa waya za simu nyingine zote tukusikilize.