Kaka Aliyehama na Seli

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Profesa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, kifungua mimba wa mama mshonaji na baba karani wa posta. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, fundi bomba. Aya ya kazi ameifuta mara nne, na bado haimwingii akilini.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda cha sabuni, akamaliza sekondari mwaka 1980, kisha akaenda chuo kikuu ng'ambo. Mwaka 1987 aliandika nyumbani: "Mama, sasa niko na seli. Zinahama, nami nahama nazo." Mama yake alijua seli moja tu, ya polisi. Alilia siku tatu, akawaambia majirani kijana hajambo, akamtumia blanketi. Marehemu alishukuru, ila akauliza kwa nini mjomba amemwandikia kumshauri akiri kosa.

Alirudi mwaka 1991, akafundisha chuoni miaka ishirini na sita. Maabara yake ilijaa mayai ya kuku yasiyoliwa. Alikata kidirisha kwenye ganda, akatazama kifaranga kikiumbika. Kwa jinsi mdogo wake alivyoelezwa, seli za neva huzaliwa mahali pamoja na kwenda kuishi pengine. Seli za njiani hutoa kemikali: nyingine huziita, nyingine huzifukuza, nazo hufuata. Fundi aliuliza, na hizo za njiani huambiwa na nani? Akajibiwa kuwa nazo zimeambiwa na nyingine. Hapo ndipo alipopotea.

Tarehe 5 Desemba 1992 alimwoa muuguzi, wakajaliwa mabinti wawili. Hotuba yake harusini ilihusu seli, na wageni walipiga makofi kwa adabu.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, akiwa wodini, alimweleza mdogo wake upya tangu mwanzo, akichora kwa kidole kwenye shuka huku pumzi zikimkatika.

"Umenielewa?"

"Nimekuelewa, kaka."

Alitabasamu, akafumba macho. Saa nane mchana alifariki.

Mdogo wake hakuwa ameelewa. Alisema vile ili mgonjwa apumzike, na inamuuma sana kwamba neno lake la mwisho kwa kaka yake lilikuwa la uongo. Anamwomba radhi mbele ya jeneza hili.

Marehemu ameacha mama, mjane, mabinti wawili, wajukuu watatu, na mdogo mmoja ambaye angali anauliza. Pumzika kwa amani, kaka. Sijakuelewa.