Bi Salhiya, Papa Nyundo na Kima Punju

Miaka thelathini na moja! Bi Salhiya Ubwa, mhifadhi wa vielelezo katika makumbusho yetu ya viumbe hapa Mji Mkongwe, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, na sisi wenzake bado hatuamini.

Alianza kwa kufuta vumbi makabati, akaishia kuwa ndiye anayeulizwa kila kitu. Lakini jina lake lilivuma kwa kabati moja, aliloliwaza mwenyewe, la kuwaweka papa nyundo na kima punju ubavu kwa ubavu. Wakubwa walicheka. Wa baharini na wa msituni wana habari gani? Wakaamua kwamba wageni wasiporidhika siku ya ufunguzi, kabati livunjwe. Bi Salhiya alikosa usingizi.

Kima, aliyegongwa na gari barabara ya Jozani, alikuwa tayari kabatini. Papa, mdogo tu, aliletwa kutoka Chwaka, akatiwa chumvi na kuanikwa uani. Siku moja kabla ya ufunguzi, Bi Sichana, mpishi wetu wakati huo, akamdhani ni ng'onda, samaki mkavu wa kitoweo, akamroweka, akamuunga kwa nazi. Tulikula sote tukaramba vidole. Bi Salhiya mwenyewe aliomba aongezewe!

Alipogundua, alikwenda jaani, akaokota kichwa na meno yake, akakiosha, akakiweka kabatini. Kesho yake, mbele ya wageni, akatugeukia sisi wafanyakazi:

"Nyinyi mshamla papa wangu. Haya, nani kaona mfupa?"

Hakuna aliyeuona, kwani papa hana mfupa hata mmoja. Hapo hapo akawaonesha mkono wa kima, kwamba naye ana alichokosa: kidole gumba. Papa hula nyama na kima majani, alieleza, lakini wote wawili huchukua miaka kufikia kuzaa, ndiyo maana nyavu za jarife na magari vinawamaliza. Ukumbi ulilipuka kwa makofi! Kabati likabaki, na watoto wa Jambiani hadi Mwanakwerekwe wamejifunza mbele yake.

Bi Sichana hakukosa somo hata moja la kabati hilo tangu siku ile, mpaka akaacha jiko na kuhamia kitengo cha elimu. Jana Bi Salhiya alimkabidhi yeye ufunguo wa kabati. Walilia, nasi tukalia.

Bi Salhiya, ahsante sana. Tunakutakia afya, raha na usingizi wa kutosha. Kabati lako halivunjwi, na mchuzi wa leo ni wa kuku.