Marselino Nandonde na Sanamu Iliyotoka kwenye Picha za Watu

“Baba, huku nyuma ambako hakuna aliyepiga picha, ulikujuaje?”

Nilimuuliza marehemu swali hilo mwaka 1976, nikiwa na miaka minane, tumekaa kigangoni kwetu Temeke mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu aliyoichonga. Alicheka tu, akaniambia nisali.

Marehemu Marselino Ansbert Nandonde alizaliwa tarehe 4 Mei 1936 huko Newala. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na bibi Eufrazia, mama yake, anasema walimu walimrudisha nyumbani kila mara kwa kosa la kuchongachonga madawati ya shule. Mwaka 1957 alikuja Dar es Salaam kwa kaka yake Didas, akaanza kuuza vinyago.

Mwaka 1963 moto wa mshumaa uliunguza kigango na sanamu ya zamani. Kidaka chake, tundu la ukutani ilimosimama, kilisalimika, hivyo wazee walitaka sanamu ileile, kimo kilekile. Ataipimaje na imekuwa majivu? Marehemu, aliyepewa kazi hiyo, akaomba kila nyumba ilete picha za harusi na kipaimara. Huyu kasimama kushoto mwa sanamu, yule kulia. Kisha akawafuata wenye picha, akawapima kwa uzi. Akishajua urefu wa mtu, picha humwambia urefu wa Yosefu aliye kando yake.

Mmoja wao alikuwa mama yetu, Sesilia. Alimpima unyayo hadi utosi, akachonga kwa kipimo hicho. Sanamu ikagoma kuingia kidakani. Katekista Projestus akamuuliza, “Marselino, huyu Yosefu umemlisha nini?” Watu wakaanza kusema kazi apewe fundi mwingine. Marehemu akairudisha picha kwa mama, waitazame wote wawili.

Mama akamwambia, “Kaka, hapo nina miaka kumi na moja. Sasa nina kumi na tisa. Hukuuliza, ulinipima tu kama mbao.”

Basi akaachana na watu, akapima benchi lililoonekana pichani, ambalo lilikuwa limeokolewa motoni. Benchi halikui. Sanamu ya pili iliingia kidakani kabla ya Krismasi, ikakazwa ukutani.

Marehemu na mama walifunga ndoa tarehe 16 Januari 1965, mbele ya sanamu hiyohiyo. Mama anasema marehemu alirudi kumpima tena, ingawa benchi lilikuwa limeshatosha.

Machi mwaka huu wa 1984 alianza kuugua kifua. Alifariki tarehe 9 Juni, nyumbani Temeke. Ameacha mjane, watoto watatu, yaani Benedikto, mimi Adelina na Tekla, pamoja na mama yake na kaka yake. Mungu ampumzishe uchovu wa mikono yake.

Wiki moja kabla hajafariki nilikuwa nikimpa uji. Akasukuma kikombe, akaniambia, “Lile swali lako la nyuma ya sanamu. Sikujua, mwanangu. Nimeacha gome la mti kama lilivyo. Ukiipata picha ya upande huo, patasi zipo uvunguni.”