Mungu Alinifungua na Hofu, Sikuuza Nyumba Zetu za Cheptiret

Bwana asifiwe, watu wa Mungu! Wale wa nyuma sijawasikia. Asifiwe tena!

Kwa wale hawanijui, mimi ni Mama Atieno. Nauza nguo hapa sokoni Eldoret, na bwanangu ni mwalimu wa sekondari. Sisi ni Wajaluo, watu wa upande wa ziwa, lakini watoto wetu wote wamezaliwa huku Uasin Gishu. Tunaishi Cheptiret, na hapo kwa ploti yetu tumejenga safu moja ya nyumba za kupangisha. Leo nimesimama kwa sababu ya hizo nyumba.

Ndugu zangu, hofu ni bwana mkali! Wenye umri wangu wanajua mambo tuliyoyaona katika mji huu baada ya ile kura, majirani wakifukuzana kwa ukabila, sitayarudia hapa madhabahuni. Yalipita, watu wakasameheana, tukarudi kazini. Lakini mimi ndani yangu hayakupita. Kila kura ikikaribia nilikuwa nakonda. Nikisikia gari la kampeni barabarani, nafunga mlango. Kaka yangu alikuwa ananipigia simu kutoka nyumbani, "Dada, uza hiyo ploti urudi kwa watu wako." Nami nilikuwa namtafuta broka, naambia watu nauza. Kura ikipita salama, naacha. Miaka inaenda, kura inarudi, na mimi naanza tena!

Baba Atieno alitaka kinyume. Yeye aliota safu ya pili, nyuma ya ile ya kwanza, ndiyo tukistaafu tusisumbue watoto. Shida ni kwamba lori haingeweza kufika huko nyuma, hakuna njia. Basi hiyo ndiyo nilishikilia. Nikamwambia, "Unaona? Hata Mungu amefunga. Tuuze." Akanyamaza. Mwanaume akinyamaza nyumbani, ndugu zangu, ni heri apige kelele. Tulikuwa tunakula chakula kama wapangaji wawili wasiojuana.

Mwishowe akakubali. Broka akaleta mnunuzi, mzee mmoja mpole wa mtaa wa Elgon View. Akaangalia, akapenda, tukapatana twende kwa wakili Jumatatu.

Jumapili, baada ya ibada, nikaona si vizuri nimwache jirani yangu bila kumuaga. Huyo jirani ni Mama Chebet. Yeye ni Mkalenjin, mwenyeji wa huko, shamba lake na ploti yetu zimegawanywa na ua wa michongoma tu. Nilimkuta anakamua ng'ombe. Nikamwambia, "Mama Chebet, sisi tunauza, tunaenda."

Aliacha kukamua. Akaniuliza, "Nani amekufukuza?"

"Hakuna."

"Ni mimi nimekufukuza?"

"Wewe? Hapana, Mama!"

"Mzee wangu? Watoto wangu?"

"Hapana."

"Sasa unakimbia nani?"

Kanisa, nilisimama hapo kwa matope nikitafuta jina la mtu hata mmoja, nikakosa. Nikaanza kulia. Nikamwambia yote, yale sijawahi kumwambia hata bwanangu: vile nikilala huwa nasikiliza barabara, vile nahesabu watoto wangu kichwani. Mama Chebet naye akalia. Akasema, "Hata mimi naogopa wakati huo. Naogopa mtaenda, na watu waseme ni sisi tumewafukuza."

Miaka yote hiyo tumekuwa tukiazimana chumvi, na hakuna aliyejua mwenzake anaogopa! Tulishikana mikono, tukaomba hapo kwa zizi, yeye kwa Kikalenjin, mimi kwa Kijaluo, na Mungu akaelewa wote wawili. Haleluya! Nilihisi kitu kimeniachilia hapa kifuani, kama mtu amenitua gunia la mahindi.

Tukiwa bado tunapangusa macho, akaniuliza kwa nini Mwalimu hakujenga ile safu ya pili. Nikamwambia ni njia. Akashangaa. "Njia? Si mngeuliza!" Akamwita bwanake, Mzee Kiprono, wakaongea kidogo kwa lugha yao. Jumatatu asubuhi, wakati nilipaswa kuwa kwa wakili, niliamshwa na mlio wa panga. Nikachungulia. Mzee Kiprono alikuwa anakata ile michongoma! Akasema, "Lori ipite kwangu. Mkimaliza kujenga, mtanisaidia kuweka geti."

Baba Atieno alitoka na gauni langu la kulala begani, alidhani ni shati. Hakujali. Alichukua panga yake akaenda kukata upande wa pili, anaimba! Mimi nikampigia yule mnunuzi nimwombe msamaha. Nilidhani atafoka. Alicheka, akasema, "Mama, ukiwa na majirani kama hao, hata mimi singeuza."

Tukaanza msingi kampeni zikiwa zimepamba moto. Watu walisema tumerukwa na akili. Kaka yangu akapiga simu, "Dada, kura ndiyo hii, mmeanza kupakia?"

Nikamjibu, "Tunapakua."

"Mnapakua nini?"

"Mawe!"

Sitawadanganya, siku za kungoja matokeo hofu ilirudi ikabisha mlango. Mama Chebet akaja na mabinti zake na mursik, yale maziwa yao ya mgando, tukakaa na wapangaji wetu wa makabila yote, tukapika chapati, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Matokeo yakatangazwa. Wengine walifurahi, wengine walinuna. Asubuhi yake fundi alinibishia mlango, nikashtuka, nikauliza kuna nini. Akasema, "Mama, simiti imeisha."

Ndugu zangu, sijawahi kusikia maneno matamu hivyo!

Leo ile safu imejaa watu. Kuna mwalimu ametoka mji wa Ziwa, hapa hapa Uasin Gishu, kuna muuguzi, kuna vijana wawili wa bodaboda, na Chebet mwenyewe, aliyeolewa juzi, amechukua nyumba ya kona. Baba Atieno ameanza tena kuongea. Siku hizi namwomba apumzike kidogo!

Sisemi kuuza ni dhambi. Pengine uko hapa na Mungu amekuambia uuze, basi uza kwa amani. Lakini usikubali hofu ikuwekee sahihi. Na usikae na hofu peke yako, mwambie jirani. Mimi nilikuwa naomba Mungu atume malaika walinde ile ploti, kumbe mlinzi yuko ng'ambo ya ua na ndoo ya maziwa!

Yuko hapa leo. Mama Chebet, simama wakuone. Usifunike uso, simama! Kanisa, mpigieni Mungu makofi kwa ajili ya huyu mama.

Na wewe unayetetemeka kwa ajili ya kesho, njoo hapa mbele. Tutakuombea sisi wawili, yeye kwa lugha yake na mimi kwa yangu. Usiogope, mtumaini Bwana. Njoo.