Mzee Tena Anaondoka, Shemeji Anabaki

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha somo la kwanza la kompyuta, Mzee Tena anastaafu. Jamani, tumeishiwa! Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana kila programu iliyokataa kufanya kazi aliitazama, akakohoa kidogo, akasema, "Haya, tena." Hata mkewe siku hizi anamwita hivyo, naye anaitika.

Somo lenyewe wanafunzi wanaliita Chujio. Wanaingia vifua mbele, kila mmoja bingwa wa simu kwa ndugu zake. Wiki chache baadaye wanaisemesha skrini kama watu waliodhulumiwa. Mmoja aliwahi kuipigia kompyuta magoti. Mwingine aliipangusa kutwa nzima akidhani kosa ni vumbi.

Dawa ya Mzee Tena ilikuwa kiti. Kiti cha mbao chenye mguu mmoja mfupi, kando ya dirisha la maabara, alichokivika koti lake la kijivu mwaka wake wa kwanza kazini na kukiita Shemeji. Sheria ilikuwa hii: hakuna kumwuliza mwalimu kabla hujamweleza Shemeji programu yako, mstari kwa mstari, tena kwa sauti. Kwa nini shemeji? Kwa sababu, alisema, ndugu utamkatiza na rafiki utamdanganya, lakini shemeji utamweleza kwa adabu mpaka aelewe. Na huyu wetu, masikini, haelewi kitu! Basi katikati ya maelezo mtu hunyamaza, hukodoa macho, kisha hupiga kelele: "Ahaa!" Kosa ameliona mwenyewe.

Sisi wa ofisi ya jirani tulizisikia hizo "Ahaa!" kupitia ukutani tukalalamika. Baadaye ukipita muda mrefu kimya, sisi ndio tuliokwenda kuchungulia kama kuna usalama. Mkaguzi mmoja aliwahi kumkalia Shemeji. Darasa zima liliguna kwa mshtuko, mpaka mheshimiwa akasimama na kuliomba koti radhi.

Lakini muhula huu wa mwisho ulitutoa jasho. Fundi cherehani mmoja, mama wa watoto watatu, alikuwa ameanguka Chujio mara mbili. Kanuni zinaruhusu kujaribu mara tatu tu. Akianguka tena, kwaheri chuo. Siku ya mtihani wa vitendo, programu yake ilitakiwa kupanga alama za darasa kutoka ya juu hadi ya chini, na kila alipoiendesha, mwanafunzi wa kwanza kwenye orodha alipotea. Saa inakimbia. Na Shemeji, kwa amri ya wasimamizi, amefungiwa stoo.

Mama wa watu akavua sweta, akakivika kiti kitupu cha pembeni, akaanza kunong'ona. Wasimamizi wawili wakamjia mbio, kwa kuwa anayeongea ndani ya mtihani hutolewa nje. Mzee Tena, ambaye hajawahi kumwongezea mtu hata dakika moja, akawazuia njiani na kuwauliza kwa upole yule mama anaongea na nani. Kama si mtu, kosa liko wapi? Na kama ni mtu, tafadhali waandike jina lake. Wakatazamana, wakalitazama sweta, wakarudi kukaa.

Fundi akaendelea. Akalieleza sweta kwamba anaanza kuhesabu kwenye moja, huku ananyoosha mikono kulipima bega kama anavyopima wateja wake, na hapo hapo mikono ikaganda hewani. Utepe wa kupimia hauanzi kwenye moja. Unaanza kwenye sifuri. Na kompyuta nayo ni hivyo hivyo: mwanafunzi wa kwanza yuko kwenye sifuri, naye alikuwa akimruka! "Ahaa!" yake ilifika hadi kantini. Amefaulu, tena vizuri. Mzee Tena alitoka nje kupenga kamasi, akasingizia baridi ya kiyoyozi, na kiyoyozi chenyewe ni kibovu tangu mwaka jana.

Tulipomwuliza anataka zawadi gani, alimtaka Shemeji. Wanafunzi wakagoma, na haki wanayo. Fundi ndiye aliyetupatanisha: amemshonea Shemeji koti jipya la buluu lenye vifungo vikubwa kama visosi, na lile la kijivu linarudi kwa mwenyewe. Amelitia bitana mpya. Mzee, ukifika nyumbani, lifungue. Upande wa moyo, kwa uzi mwekundu, ameandika: Ahaa!

Asante, Mzee Tena, kwa kila aliyepita kwenye Chujio akatoka mzima. Tunakupenda, na Jumatatu tutaona uchungu. Tunakutakia siku njema, ndefu, zisizo na kengele ya kipindi. Na zikikwama mahali, vua koti, kivike kiti chochote, ueleze taratibu toka mwanzo. Haya, tena.